Risasi Moja, Silaha Mbili: Bei Ilivyoiweka Hai Bunduki ya Wenzo

Mwaka 1876, huko Manyema, mpelelezi Henry Morton Stanley alimwonyesha mfanyabiashara Tippu Tip bunduki na kumwambia kwamba inatoa risasi kumi na tano. Tippu Tip, aliyezijua bunduki kama mvuvi ajuavyo nyavu zake, alimwuliza kama zote hutoka katika mtutu mmoja. Stanley akasema ndiyo. Akaombwa aipige watu waone, naye akataka kwanza alipwe reali 20 au 30 kwa kuipiga mara moja. Moyoni mwake Tippu Tip aliona mgeni huyu anadanganya, akamjibu kwa kisa cha kwake: huko Rumami, alisema, uko upinde unaorusha mishale ishirini kwa mpigo mmoja, na kila mshale unaua mtu. Kusikia hivyo Stanley akatoka nje, akapiga risasi kumi na mbili mfululizo, kisha akashika bastola akapiga sita. Waliokuwapo walistaajabu, na Tippu Tip akataka aonyeshwe jinsi risasi zinavyotiwa.

Kisa hicho amekieleza mwenyewe, kwa Kiswahili, katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Stanley naye alikuwa amezoea silaha za namna hiyo. Katika orodha ya shehena aliyoondoka nayo pwani mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone zimo Winchester moja na Henry moja, zote akiziita za risasi kumi na sita, pamoja na gumegume 24 za askari wake. Ile hesabu ya kumi na tano inalingana na Winchester ya mwaka 1873, bunduki ambayo jina lake lilikuwa bado changa.

Bunduki hizo huendeshwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio. Ukiusukuma mbele, ganda lililotumika hutupwa nje na nyundo hutegwa. Ukiurudisha, risasi mpya iliyotoka katika bomba lililolala chini ya mtutu huingia mahali pake. Aliyeizoea anaweza kumaliza bomba zima kabla mwenye gumegume hajamaliza kushindilia mara ya pili.

Karne moja na nusu imepita, na bunduki ya wenzo inayotumia risasi za bastola bado inaundwa Marekani, Brazil, Italia na Japani. Haikuwahi kuwa yenye nguvu kuliko zote, wala yenye kufika mbali kuliko zote. Kilichoiweka hai ni hesabu ya mfukoni: bei ya risasi moja, bei ya bunduki yenyewe, na uzito wa kuvibeba vyote viwili.

Hesabu hiyo ilianza kwa hasara. Mwishoni mwa miaka ya 1840, Walter Hunt wa New York, mvumbuzi yule yule wa pini ya kufungia nepi, alibuni risasi iliyochimbwa tundu nyuma na kujazwa baruti humo humo, pamoja na bunduki ya kuzipiga moja baada ya nyingine. Wazo lilikuwa zuri lakini mitambo yake ilikuwa dhaifu. Likapita mikononi mwa mafundi wengine hadi kwa Horace Smith na Daniel Wesson, ambao mwaka 1854 walilifanya bastola. Mwaka uliofuata wakaunda kampuni iliyoitwa Volcanic, na miongoni mwa walioweka fedha humo alikuwa Oliver Winchester, mwenye kiwanda cha mashati katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Kampuni ilipofilisika, Smith na Wesson walikuwa wamekwisha kwenda zao. Aliyebaki na mabaki ni yule mtu wa mashati.

Winchester hakuwa fundi wa bunduki, ila alijua kumchagua fundi. Alimpa kiwanda Benjamin Tyler Henry, ambaye aliiacha ile risasi yenye tundu na kutumia ganda la shaba lenye fataki ukingoni mwa kitako chake. Hati yake ya uvumbuzi ilitoka tarehe 16 Oktoba 1860. Risasi ya Henry ilikuwa na kipenyo cha inchi .44, uzito wa gramu 14 hivi, na baruti isiyofika gramu 2. Kwa vipimo vya majeshi ya wakati ule hiyo ilikuwa risasi ya bastola iliyopewa mtutu mrefu. Udogo wake ndio uliowezesha nyingi kukaa katika bomba moja, na udogo huo huo ndio uliolifanya jeshi la Marekani liitazame silaha hiyo kwa mashaka.

Bei nayo haikusaidia. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Henry iliuzwa kwa karibu dola 40, na askari wa kawaida wa Kaskazini alilipwa dola 13 kwa mwezi. Serikali ilinunua takriban 1,700 tu. Nyingi ya zilizofika vitani zililetwa na askari walionunua kwa fedha zao, mshahara wa miezi mitatu kwa chombo kimoja. Hadi mwaka 1866 zilikuwa zimeundwa kama 14,000 hivi. Kasoro zake zilijulikana. Bomba lake lilikuwa na ufa mrefu chini, ambamo mchanga na matope viliingia. Halikuwa na ubao wa kushikia mbele, hivyo mtutu uliopata moto uliunguza mkono. Kuijaza kulihitaji kufungua ncha ya bomba upande wa mdomo wa mtutu.

Mwaka 1866 fundi mwingine wa kiwanda hicho, Nelson King, aliweka kimlango kidogo ubavuni ili risasi zisukumwe ndani kwa kidole gumba, na bomba likafunikwa kwa ubao. Hiyo ndiyo bunduki ya kwanza iliyobeba jina la Winchester. Kiwiliwili chake cha manjano, cha shaba iliyochanganywa, kiliwafanya watu waiite kijana wa manjano. Kimlango cha King bado kipo ubavuni mwa bunduki nyingi za aina hii hadi leo.

Hatua iliyobadilisha mambo ilikuja mwaka 1873. Winchester ilitoa bunduki ya chuma na risasi mpya, .44-40: kipenyo cha .44, na baruti ya greni 40, ambazo ni gramu 2.6. Fataki yake ilikaa katikati ya kitako cha ganda, si ukingoni. Maana yake ni kwamba ganda tupu liliweza kutolewa fataki iliyokufa, likatiwa mpya, likajazwa baruti na risasi, na kutumika tena na tena. Kiwanda kiliuza pia vyombo vya kufanyia kazi hiyo. Kwa mchunga ng'ombe aliyeishi mwendo wa siku nyingi kutoka duka la karibu, hilo lilikuwa punguzo la bei lisiloonekana katika bango lolote.

Kisha mwaka 1878 kampuni ya Colt ikaanza kutengeneza bastola yake maarufu kwa risasi ile ile ya .44-40. Sasa mtu mwenye bunduki na bastola alibeba risasi za aina moja katika mkanda mmoja. Hakuhitaji kununua akiba mbili, wala kuhangaika usiku kutenganisha ya huku na ya kule. Zikafuata .38-40 na .32-20, nazo pia zikaingia katika bastola za Colt. Filamu zimewazoesha watu kuona .45 Colt kila mahali, lakini katika karne ya 19 hakuna bunduki ya wenzo iliyouzwa kwa risasi hiyo. Ukingo wa kitako chake ulikuwa mwembamba mno kwa ndoano ya kutolea ganda. Bunduki za wenzo za .45 Colt zinazouzwa leo ni za karne ya 20.

Majeshi yaliona upande wa pili wa hesabu. Mwaka 1873 huo huo, Marekani iliwapa askari wake bunduki ya Springfield ya risasi moja moja, .45-70, yenye baruti karibu mara mbili ya .44-40 na risasi nzito maradufu. Makamanda walitaka shabaha ya mbali, na waliogopa askari wangemaliza risasi upesi. Tarehe 25 Juni 1876, kwenye Mto Little Bighorn, askari wa farasi wa George Custer wakiwa na Springfield fupi walipambana na Walakota na Wacheyenne ambao baadhi yao walishika Henry na Winchester. Baada ya moto wa nyika kuunguza majani ya uwanja huo mwaka 1983, wanaakiolojia walichimba na kuokota maganda, na alama za pini za fataki zikawaonyesha bunduki moja ilisogea kutoka wapi kwenda wapi. Karibu na askari walioanguka zilionekana dalili za silaha za kurudia kwa wingi.

Mwaka mmoja baadaye Waturuki, wakipigana na Warusi, walitoa ushahidi mwingine. Serikali ya Osmania ilikuwa imenunua Winchester za mfano wa 1866 zipatazo 50,000. Katika kuzingirwa kwa mji wa Plevna, mwaka 1877, askari wa Osman Pasha waliwapiga Warusi kwa Peabody-Martini walipokuwa mbali, na walipokaribia wakaweka hizo chini na kushika Winchester, makasha ya risasi yakiwa wazi pembeni. Warusi walipoteza watu kwa maelfu. Majeshi ya Ulaya yalijifunza somo la kurudia risasi, lakini yakalitekeleza kwa bunduki za komeo na risasi kubwa. Risasi ya bastola ilibaki ya raia.

Huku kwetu bunduki ya wenzo ilibaki silaha ya wageni wachache. Stanley alipopita tena Zanzibar Februari 1887, akienda kumwokoa Emin Pasha, msafara wake ulikuwa na Remington za risasi moja moja 510 na Winchester 50 tu. Sababu ni ile ile ya bei ya risasi. Gumegume ilikula baruti ya biashara na kipande chochote cha chuma au risasi iliyosubuliwa kijijini. Winchester bila ganda la kiwandani ni rungu. Baadaye ikaja sheria: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 Kaskazini hadi 22 Kusini, huku gumegume zikiweza kuruhusiwa. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuja na Winchester ya wenzo ya mfano wa 1895, lakini hiyo ilikuwa ya .405, risasi ya simba, isiyo na udugu na bastola.

Huko New Haven udhaifu wa mfano wa 1873 ulikuwa umekwisha kujulikana. Kufuli lake lilikuwa vipande vyenye maungio mfano wa goti, laini sana kuendesha lakini lisiloweza kuhimili nguvu kubwa. Dawa ilitoka kwa John Moses Browning wa Ogden, Utah. Alikuwa amewauzia Winchester bunduki kubwa ya 1886, ambayo hufungwa kwa vyuma viwili vinavyopanda wima na kubana komeo kwa nyuma. Mkuu wa kiwanda, Thomas Bennett, alipotaka ndogo yake kwa risasi za .44-40, inasimuliwa kwamba walikubaliana dola 20,000 iwapo kazi ingekamilika ndani ya siku 30, na Browning akaileta kwa nusu ya muda huo. Ikawa mfano wa 1892: nyepesi, fupi, rahisi kuunda kuliko ile ya 1873, na yenye nguvu kuliko risasi yoyote iliyotiwa ndani yake wakati huo. Ya milioni moja ilitoka kiwandani mwaka 1932.

Nguvu hiyo iliyozidi mahitaji ndiyo akiba ambayo vizazi vya baadaye viliila.

Wa kwanza kunufaika walikuwa Wahispania. Katika mji wa Eibar, kampuni ya Garate, Anitua ilianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kuunda nakala ya 1892 iliyoitwa El Tigre, ikaendelea hadi miaka ya 1930. Polisi wa Guardia Civil waliitumia, na nyingine nyingi zikauzwa Amerika ya Kilatini kwa wateja ambao Winchester halisi ilikuwa juu ya uwezo wao.

Brazil ilikuwa na mapenzi yake ya zamani. Winchester ya .44 ilipendwa huko tangu karne ya 19, na watu waliipa jina la papo amarelo, koo la manjano. Walioipenda walikuwa wagema mpira wa Amazonia, wenye mashamba, na majambazi wa nyika kame za kaskazini-mashariki. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Amadeo Rossi ya São Leopoldo kusini mwa nchi, iliyoanzishwa mwaka 1889, iliichukua ramani ya Browning na kuanza kuunda bunduki iliyoiita Puma. Mzigo uliokwenda Marekani ulipitia kwa wafanyabiashara wa Interarms, nao walitaka risasi iliyokuwa imetapakaa katika maduka ya huko: .357 Magnum.

Hapo ile hesabu ya 1878 ilirudi kwa nguvu mpya. Magnum hiyo ilizaliwa mwaka 1935 kwa kurefusha ganda la .38 Special, hivyo bunduki ya .357 hupiga zote mbili. Mwenye nayo hufanya mazoezi kwa .38, ambayo ni rahisi kwa bei na haipigi bega, kisha akitoka kuwinda swala au nguruwe huweka .357. Mtutu mrefu nao hulipa. Risasi ambayo katika bastola hutoka kwa kasi ya mita 380 hivi kwa sekunde, katika mtutu wa sentimita 45 yaweza kukaribia mita 550, kwa sababu baruti hupata muda wa kuungua yote na kuisukuma. Kufuli la 1892 lilibeba mzigo huo bila taabu, na baadaye likabeba .44 Magnum pia. Kufuli la 1873 hufaa zaidi kwa risasi za shinikizo dogo.

Wateja wapya walitoka pande mbili. Upande mmoja ni filamu: John Wayne aliyezungusha 1892 katika Stagecoach ya 1939, na baada yake mamia ya filamu zilizotumia bunduki hiyo hata katika visa vilivyotokea miaka ishirini kabla haijabuniwa. Kutokana na mapenzi hayo, mashabiki wa California walianzisha mashindano ya kulenga shabaha kwa mavazi na silaha za zamani, na mwaka 1987 kikaundwa chama cha SASS kuyasimamia. Kanuni zake hutaka bunduki yenye risasi ya bastola, kwa kawaida ya wenzo, na mshindi hupimwa kwa sekunde. Hapo ulaini wa 1873 ukapata soko tena, na Uberti, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1959 katika bonde la Val Trompia nchini Italia, kikawa muuzaji wake mkubwa.

Upande wa pili ni sheria. Baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane mwaka 1996, Uingereza ilipiga marufuku bastola karibu zote. Wanachama wa vilabu vya shabaha waliobaki na mashine za kujazia .38 na .357 waligundua kwamba bunduki ya wenzo inakubali risasi zile zile, na bado inaruhusiwa kwa kibali.

Anayenunua leo, basi, anachagua kati ya matawi ya historia hiyo. Marlin 1894, yenye paa lililofungwa na inayotupa maganda ubavuni, ni rahisi kuwekewa darubini. Jina lake lilichafuka kwa kazi mbovu lilipokuwa chini ya Remington, kisha Ruger ikalinunua mwaka 2020 na kulirudishia heshima kwa bei ya juu. Henry ya sasa ni kampuni iliyoanza Brooklyn mwaka 1996, isiyo na uhusiano na Benjamin Henry zaidi ya jina. Kwa miaka mingi bunduki zake zilijazwa kwa mbele tu kama zile za 1860, kabla hazijawekewa kimlango cha King. Winchester yenyewe ilifunga kiwanda cha New Haven mwaka 2006, na 1892 yake ya sasa huundwa na Miroku wa Japani kwa ustadi unaoonekana katika bei. Hata Smith & Wesson imerudi: mwaka 2024 ilitoa bunduki ya wenzo na kuiita 1854, mwaka wa waasisi wake.

Rossi kwa kawaida hubaki chini ya hao wote kwa bei. Unafuu huo una mahali ulipotoka. Wenzo wa Rossi mpya huwa mzito, springi zake ni ngumu, na kingo za kimlango zaweza kumkata gumba anayejaza. Toleo moja na jingine hutofautiana kwa umaliziaji, ndiyo maana wazoefu hawakubali kuagiza bila kuona. Huendesha wenzo mara kadhaa dukani, hutazama kama mtutu na shabaha vimenyooka, na hupitisha risasi za mazoezi zisizo na baruti, .38 na .357, kuona kama zote zinapanda bila kukwama. Mengi ya yanayobaki hurekebishwa na fundi kwa jiwe la kunolea na springi laini zaidi. Na kwa bunduki yoyote yenye bomba, wao hutumia risasi zenye pua bapa, kwa kuwa pua ya kila risasi hulala juu ya fataki ya iliyo mbele yake.

Kwa mwenye fedha nyingi, Miroku na Uberti ni kazi nzuri zaidi ya mikono. Kwa anayetafuta bunduki moja ya shamba, ya mazoezi na ya mawindo madogo kwa bei ya chini, .357 ya Rossi ndiyo chaguo lenye hoja nzito kuliko mengine: kufuli ni lile lile la Browning la 1892, na risasi ni zile zile za bastola iliyo kiunoni.